Shajara ya mradi: mafumbo ya kuteua timu, Kisumu na Nakuru

Lengo ni kijitabu cha mafumbo ya kuteua watu kwa masharti, kitakachotumiwa na vilabu vya hisabati vya shule za upili Kisumu na Nakuru. Kabla ya fumbo kupelekwa kwa mpiga chapa, ni lazima liwe limetatuliwa kwa mkono, limehakikiwa kwa programu, na majibu yake yasiyo sahihi yamejulikana. Hilo la mwisho ndilo linalokula muda. Mwalimu akiletewa jibu lisilo sahihi, anatakiwa aweze kufungua ukurasa wa nyuma na kuona ni sharti lipi lililomponyoka mwanafunzi.

Wiki ya 1: vifaa

Kila kundi la wanafunzi watatu au wanne linapata nusu karatasi ya manila, kalamu ya maka na vifuniko vinane vya soda vyenye herufi A hadi H. Herufi huandikwa kwenye selotepu ya karatasi iliyobandikwa juu ya kifuniko, kwa maana wino haukai vizuri kwenye bati. Vifuniko vya akiba havitolewi. Kundi lenye vifuniko viwili vya A litaviweka pande zote mbili na halitagundua.

Manila inapigwa mstari mmoja. Kushoto ni NDANI, miraba mitano. Kulia ni NJE, miraba mitatu. Vitabu vingi vya mazoezi huchora upande wa walioteuliwa tu, na hapo ndipo wanafunzi hupotezewa muda. Ukiteua watano kati ya wanane, nafasi za NJE ni tatu tu, na upande wenye nafasi chache ndio unaojaa upesi. Ukishajaa, wote waliobaki wanaingia NDANI bila mjadala.

Wiki ya 1: Fumbo la 1

Kamati ya watu 5 itasimamia uondoaji wa magugu maji kwenye ufuo wa Dunga. Wanaowania ni Akinyi, Barasa, Chebet, Daudi, Ekesa, Fatuma, Gesare na Hamisi. Akinyi, Chebet, Fatuma na Gesare ni wanawake, wengine wanne ni wanaume.

1. Akinyi na Barasa hawawezi kuwa kwenye kamati pamoja.
2. Chebet akiteuliwa, Daudi naye ateuliwe.
3. Angalau mmoja kati ya Ekesa na Fatuma ateuliwe.
4. Gesare na Hamisi wateuliwe wote wawili au waachwe wote wawili.
5. Watu wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili ya kamati.

Je, kamati ngapi tofauti zinawezekana?

Bila masharti, kuteua 5 kati ya 8 kuna njia 56. Sharti la 5 peke yake linaondoa 8 (nne zenye wanawake wanne na mwanamume mmoja, nne zenye wanaume wanne na mwanamke mmoja), zinabaki 48. Hakuna haja ya kuziandika zote.

Masharti yanaandikwa kwa mshale, na kila mshale unaandikwa pamoja na pinduo lake: badilisha pande, kisha geuza kila upande, ndani iwe nje na nje iwe ndani.

A ndani → B nje. Pinduo: B ndani → A nje.
C ndani → D ndani. Pinduo: D nje → C nje.
E nje → F ndani. Pinduo: F nje → E ndani.
G na H: vifuniko vyao vinafungwa kwa ukanda mmoja wa selotepu, vinatembea pamoja.

Kugeuza bila kubadilisha pande ni kosa (C nje → D nje si kweli), na kubadilisha pande bila kugeuza ni kosa pia (D ndani → C ndani si kweli). Daudi anaweza kuingia bila Chebet. Kinachokatazwa ni Chebet kuingia bila Daudi, basi.

Sasa NJE. Sharti la 1 linasema angalau mmoja wa A na B yuko nje, kwa hiyo nafasi moja kati ya tatu ina mwenyewe kabla hujaanza. Zimebaki mbili. Kutokana na hilo:

G na H wakiwa nje, nafasi zote tatu zimejaa. C, D, E na F wote wako ndani, pamoja na mmoja wa A na B. Kamati mbili: ACDEF na BCDEF. Zote zina wanawake wawili au watatu, zinapita.

G na H wakiwa ndani, tafuta watatu kati ya A, B, C, D, E na F. Gawanya kwa Chebet. Yeye akiwa ndani, Daudi anaingia naye, inabaki nafasi moja, nayo ni lazima iende kwa E au F ili sharti la 3 litimie: CDEGH, CDFGH. Chebet akiwa nje, watatu wanatoka kwa A, B, D, E, F bila A na B kukutana na bila E na F kukosekana wote: ADE, ADF, AEF, BDE, BDF, BEF, DEF. Ukiwaongezea G na H zinakuwa kamati saba, lakini BDEGH ina wanaume wanne na mwanamke mmoja, inaanguka kwenye sharti la 5. Zinabaki sita.

Jumla: 2 + 2 + 6 = 10.

Wiki ya 2: uhakiki

Programu fupi ya Python inatosha. Njia 56 ni kitu kidogo kwa kompyuta yoyote, hata ile ya zamani ya maabara ya shule.

    from itertools import combinations
    wanawake = set("ACFG")
    for t in combinations("ABCDEFGH", 5):
        n = lambda x: x in t
        if n("A") and n("B"): continue
        if n("C") and not n("D"): continue
        if not n("E") and not n("F"): continue
        if n("G") != n("H"): continue
        k = len(wanawake & set(t))
        if k < 2 or k > 3: continue
        print("".join(t))

Inatoa mistari kumi: ACDEF, ADEGH, ADFGH, AEFGH, BCDEF, BDFGH, BEFGH, CDEGH, CDFGH, DEFGH. Inalingana na ya mkono.

Kila sharti limeandikwa kama kinachokatazwa, si kinachotakiwa. Ni makusudi. Sharti likiandikwa kwa umbo la "tupa timu hii", mstari mmoja unabeba sharti moja, na ukitaka kujua uzito wake unaweka alama ya # mbele ya mstari huo, ili kompyuta iuruke, na kuendesha tena. Tulifanya hivyo kwa yote matano. Bila la 1: kamati 15. Bila la 2: 14. Bila la 3: 12. Bila la 4: 21. Bila la 5: 11.

Sharti ambalo likiondolewa jumla haibadiliki halifanyi kazi yoyote, linamchosha msomaji tu. Kulikuwa na la sita kwenye rasimu: "Akinyi na Chebet wakiwa ndani, Gesare awe nje." Liko tayari ndani ya mengine, kwani timu pekee yenye A na C ni ACDEF. Limefutwa.

Wiki ya 2: jumla zisizo sahihi

Kazi ya kweli ya mradi iko hapa. Kusahau sharti ni kosa rahisi. Kosa la kawaida zaidi ni kulisoma vingine, na kila usomaji una jumla yake.

Sharti la 1 likisomwa "mmoja wao lazima awemo", timu zisizo na A wala B zinatupwa (CDEGH, CDFGH, DEFGH) na jibu linakuwa 7. Sharti la 2 likisomwa kama "wote au hakuna", zinatupwa ADEGH, ADFGH, BDFGH na DEFGH, linabaki 6. Sharti la 3 likisomwa "mmoja tu, si wote wawili", timu tano zenye E na F pamoja zinaondoka, linabaki 5.

Kwa hiyo ukurasa wa nyuma wa mwalimu unasomeka hivi: 5: angalia Ekesa na Fatuma; 6: angalia Chebet na Daudi; 7: angalia Akinyi na Barasa; 11: jinsia imesahauliwa; 12: sharti la 3 limerukwa; 14: la 2 limerukwa; 21: la 4 limerukwa.

Nambari 15 ina utata. Inatoka sharti la 1 likirukwa, na inatoka pia sharti la 4 likisomwa kwa upande mmoja, yaani "Gesare akiteuliwa, Hamisi ateuliwe", bila marejeo. (Kwa upande wa pili, "Hamisi akiteuliwa, Gesare ateuliwe", jumla ni 16.)

Ila baya kuliko hilo ni hili. Mwanafunzi akiupindua mshale wa sharti la 2 (amebadilisha pande bila kugeuza) na kusoma "Daudi akiteuliwa, Chebet ateuliwe", anapoteza timu nne zenye D bila C, na anaongeza nne zenye C bila D: ACEGH, BCEGH, BCFGH, CEFGH. Anatoa nne, anaongeza nne. Jibu lake ni 10. Jumla ni sahihi kabisa na usomaji ni kinyume kabisa, na mwalimu anayesahihisha kwa kuangalia jumla atampa alama zote.

Kwa hiyo jumla peke yake haitoshi kwenye fumbo hili. Kulikuwa na njia mbili: kubadilisha masharti hadi mgongano uishe, au kuongeza swali. Tulichagua swali, kwa sababu masharti yenyewe yamekaa vizuri na kuyagusa kungevuruga nambari nyingine zote.

Swali la pili: Daudi asipoteuliwa, ni akina nani ambao lazima wawemo?

Kwa miraba ya NJE linachukua muda mfupi. D nje, basi C nje. Mmoja wa A na B nje. Tatu zimejaa. E, F, G na H wote ndani. Aliyeupindua mshale anaona timu sita zisizo na Daudi, na wanaopatikana katika zote ni Gesare na Hamisi tu. Amejitaja mwenyewe. Swali hilohilo linatenganisha wale wa 15: aliyeruka sharti la 1 atajibu G na H tu, aliyesoma sharti la 4 upande mmoja atajibu sawasawa, E, F, G na H.

Jedwali hili linafanya kazi kwa kosa moja kwa wakati. Makosa mawili kwa pamoja yanaweza kutua kwenye nambari yoyote, na hapo hakuna budi kuomba orodha kamili ya timu.

Wiki ya 3: lugha ya masharti

Masharti yote yamepitiwa upya ili sentensi moja isibebe maana mbili. Neno "au" likiachwa peke yake ni mtego: "Ekesa au Fatuma" wengine wanasoma mmoja tu, wengine angalau mmoja. Tumeweka "angalau mmoja kati ya". Tukitaka mmoja tu, tunaandika "mmoja tu kati ya". Vivyo hivyo "ikiwa tu" imeondolewa kwenye mafumbo ya ngazi ya kwanza. "Chebet ateuliwe ikiwa tu Daudi ameteuliwa" ni sharti lilelile la 2, lakini linasikika kama ahadi kwamba Daudi akiingia Chebet ana nafasi yake. Linarudi ngazi ya tatu, kwa makusudi, likiwa ndilo fumbo lenyewe.

"Wakiteuliwa" bila kusema nani pia limekatazwa. Kila sharti linataja jina.

Wiki ya 3: thuluthi mbili

Sharti la 5 halikubuniwa. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 27(8), inaitaka serikali ichukue hatua ili wanachama wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Wanafunzi wameisikia redioni na kwenye mabaraza, hawahitaji kuelezwa ni nini. Wanahitaji kuelezwa hesabu yake.

Zidisha idadi ya kamati kwa 2, gawanya kwa 3, tupa kinachobaki baada ya nukta. Hiyo ndiyo idadi ya juu ya jinsia moja. Watu 5: 3.33, yaani 3. Watu 6: 4. Watu 7: 4.67, yaani 4. Watu 9: 6. Kosa ni kukadiria juu: 4.67 ikifanywa 5, watano kati ya saba ni zaidi ya asilimia 71, na sharti limevunjwa.

Kamati ya watu 4 ina jambo lake. 2.67 inakuwa 2, kwa hiyo jinsia moja isizidi wawili, na nyingine isizidi wawili, maana yake ni nusu kwa nusu bila chaguo. Sharti linaloonekana legevu limegeuka kuwa kali kuliko yote. Fumbo la watu wanne litawekwa ngazi ya pili na jambo hilo halitatajwa kwenye maelezo.

Wiki ya 4: Fumbo la 2

Hili ni la kugawa, si la kuacha. Watu saba wanapelekwa vituo viwili, wanne Kisumu na watatu Nakuru, na hakuna anayebaki nyumbani. Rasimu ya kwanza ilikuwa na Kiprono na Nekesa. Majina yamebadilishwa, kwa sababu K na N zinahitajika kwa miji, na manila yenye K mbili haisomeki. Sasa ni Juma, Lusweti, Moraa, Otieno, Pamela, Rono na Wafula.

1. Juma na Rono wapelekwe vituo tofauti.
2. Lusweti akipelekwa Kisumu, Moraa apelekwe Nakuru.
3. Wafula na Otieno wapelekwe kituo kimoja.
4. Pamela akipelekwa Nakuru, Juma apelekwe Kisumu.

Njia 35 bila masharti. Anza na wanaotembea wawili, na uwajaribu kwenye kituo kidogo. W na O wakiwa Nakuru, nafasi ya tatu huko inachukuliwa na J au R, kwani hao wawili hawakai pamoja. L, M na P wanarundikana Kisumu. Lakini L na M hawawezi kuwa Kisumu wote. Kwa hiyo W na O wako Kisumu, daima. Kisumu imebaki na nafasi mbili: moja ya J au R, moja ya L, M au P. Hizo ni njia sita, na sharti la 4 linaondoa mbili.

Walio Kisumu: WOJL, WOJM, WOJP au WORP. Rono akienda Kisumu kila kitu kimeamuliwa.

Sharti la 2 linakataza L na M kukutana Kisumu tu. Nakuru wanaweza kukutana, na wanakutana katika majibu mawili kati ya manne. Anayesoma "wasikutane popote" anapata 2. Anayeupindua mshale wa sharti la 4 anapata 5. Anayeruka la 3 anapata 12. Nambari 6 inatoka kwa kuruka la 4 peke yake, na pia kwa kuruka la 2 peke yake, kwa hiyo swali la pili ni: Wafula anapelekwa wapi? Asiyetumia sharti la 2 atasema popote.

Mazoezi ya aina hii yalikuwa sehemu nzima ya LSAT, mtihani wa kuingia shule za sheria Marekani, hadi Juni 2024. Kuanzia Agosti mwaka huo sehemu hiyo imeondolewa. Vitabu vya zamani vya maandalizi bado vinazunguka na ni hazina ya mazoezi, ila vingi vimepangiwa kasi ya dakika chache kwa fumbo. Sisi hatuweki saa.

Wiki ya 4: Fumbo la 3, bado wazi

Timu ya watu 4 kutoka Kisumu (3), Kakamega (3) na Nakuru (2), kila mahali pawe na angalau mmoja. Hapa mtego ni wa kuhesabu, si wa kusoma. Njia inayowavutia wengi: teua mmoja kila mahali (3 × 3 × 2 = 18), kisha wa nne yeyote kati ya watano waliobaki, 18 × 5 = 90. Jibu ni 45. Kila timu ina mahali pamoja palipotoa watu wawili, na kila mmoja wa hao wawili amehesabiwa mara moja kama "wa kwanza" na mara moja kama "wa nne". Njia salama ni kugawa kwa mahali palipotoa wawili: Kisumu 18, Kakamega 18, Nakuru 9.

90 ni mara mbili kamili ya 45, na hilo linamfanya mwanafunzi agawe kwa mbili bila kujua sababu. Ili kuzuia hilo, limeongezwa sharti: mmoja aliyetajwa wa Kisumu na mmoja aliyetajwa wa Nakuru wasiwe timu moja. Timu zenye hao wawili pamoja: wawili zaidi kutoka kwa sita waliobaki, 15, toa 3 zisizo na mtu wa Kakamega, zinabaki 12. Jibu jipya ni 45 − 12 = 33. Aliyeanza na 90 anafika 78, na 78 ukiigawa kwa mbili ni 39, haikubaliki. Aliyesahau Kakamega kwenye kutoa anafika 30.

Zimebaki majina ya watu wanane yenye herufi zisizogongana na K mbili za miji, na swali la pili. Kisumu na Kakamega zitaandikwa KS na KK kwenye manila hadi jina bora lipatikane, au Kakamega ibadilishwe iwe Vihiga.